Kariakoo Waliponiita Si Riziki

Kwa yule aliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nasimulia upesi upesi.

Jina langu Shaibu, mtu wa Newala, miaka thelathini na moja. Shirika la umma lililoniajiri lilitupunguza watu mia mbili kwa barua moja. Nikakaa kijiweni miezi saba nikisoma magazeti ya wenzangu. Kisha Bi Zena akanipa kazi ya kutunza stoo ya vitenge nyuma ya duka lake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Vitenge vya Dubai. Zama za ruksa hizi, biashara zimefunguliwa, kila mwenye pasipoti ni tajiri mtarajiwa.

Bi Zena ni mjane, ana miaka arobaini na kitu, dhahabu mpaka kwenye kiwiko, na sauti ya kuamrisha wapagazi watatu kwa mpigo. Alianza kwa kusifia mabega yangu. Akaja kunipangusa jasho kwa ncha ya kanga yake. Nikasema moyoni, mama wa watu ana huruma.

Wiki iliyopita niliishia pale alipoingia stoo saa sita mchana, akasukuma komeo, akakaa juu ya robota la vitenge na kusema: "Shaibu, leo tuelewane."

Haya. Tuendelee.

"Tuelewane nini, mama?"

"Usiniite mama. Nimekuzaa?"

"Hapana, bosi."

"Vua shati. Joto."

"Joto nimeshalizoea, bosi."

Akacheka. Akasimama, akanisogelea, akaanza kunieleza taratibu kama mtu anayemsomea mteja bei. Kwamba kazi ninayo. Kwamba chumba changu cha Buguruni kinasimama kwa sababu ya hiyo kazi. Kwamba vijana wenye nguvu wamejaa Msimbazi nzima, hawana pa kwenda. Alipomaliza bei zake akaweka mkono kwenye mkanda wangu.

Wanaume wenzangu mnaosoma, nawasikia. Mnasema, mjinga huyu, anatuletea kilio cha kushiba. Mimi nami ningesema hivyo hivyo. Nimeshayasema sana kijiweni, tena kwa sauti.

Lakini mwili hausikilizi maneno ya kijiweni. Mwezi wa pili, Dar es Salaam, saa sita mchana, nilihisi baridi. Nilitaka kusema sitaki kwa sauti ya kiume. Ikatoka sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

"Bosi, tafadhali."

"Tafadhali nini?"

"Fungua mlango."

Mkono haukutoka. Nikasema tena, fungua mlango. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgeni asiyejua njia.

"Unajua leseni yangu ya kwanza niliipataje?" akaniuliza. "Unajua mzigo wangu wa kwanza ulitokaje mikononi mwa wakubwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilifunga macho. Na wewe funga."

Maneno hayo nimekuja kuyafikiri baadaye. Wakati ule nilifikiri mkanda tu. Nikarudi nyuma, nikajikwaa kwenye robota, nikaanguka chali kama mende. Nikanyanyuka, nikalivuta komeo la mlango wa nyuma, nikatoka mbio, suruali nimeishika kwa mkono mmoja na kiatu kimoja nimekiacha.

Kwenye uchochoro, dirishani kwa jirani, alisimama Chintan wa duka la vifungo na kikombe chake cha chai. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nikaendelea kukimbia.

Nikaenda moja kwa moja kijiweni, mtaa wa Gerezani, kwa rafiki zangu. Nikawasimulia yote, nikitegemea pole.

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa.

"Yaani mjane, tajiri, tena amejileta mwenyewe!"

"Penye miti hapana wajenzi!"

"Shaibu, nielekeze hiyo stoo. Nitafungwa humo mwezi mzima, sitaomba hata maji."

Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Ukikaa kijiweni unacheka, la sivyo unachekwa. Nikanunua ndala, nikarudi nyumbani.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida, nikijidanganya kwamba mtu mzima akiaibika husahau. Bi Zena alisimama mlangoni pa duka, mbele ya wateja wanne na mpagazi mwenye mzigo kichwani.

"Huyo asiingie," akasema kwa ile sauti yake. "Nimemgundua. Si riziki."

Kwa msomaji wa bara asiyeyajua maneno ya pwani: mwanaume akiitwa si riziki, maana yake anawapenda wanaume wenzake. Neno lenyewe linasemwa kwa upole. Kinachofuata baada yake hakina upole wowote.

Kariakoo haihitaji simu. Neno lile lilitoka Sikukuu likafika Msimbazi kabla yangu. Wapagazi wakapiga miluzi. Muuza kahawa akanipa kikombe, nilipokirudisha akakisuuza mara tatu, akakitazama, akakisuuza tena. Nikafika kijiweni. Wale wale wa jana. Nilipokaa, benchi zima likasogea, wa mwisho nusura aanguke.

"Kwani vipi?" nikauliza. "Jana si mlisema penye miti hapana wajenzi?"

"Jana hatukujua kama fundi mwenyewe hana nyundo."

Wakacheka. Safari hii sikucheka.

Buguruni nikamkuta mama mwenye nyumba, Mama Scholastika, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wangu. Mwanamke mwema, Mungu shahidi. Nilipougua malaria alinipikia uji siku tano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shaibu mwanangu, mimi sina neno na wewe."

Ukisikia mtu ameanza hivyo, jua neno analo.

"Lakini wapangaji wamekuja," akaendelea. "Wana watoto wa kiume. Wanasema Jumapili uwe umehama."

"Mama, nimekaa hapa miaka minne. Hao watoto nimewafundisha hesabu barazani."

"Ndiyo hapo sasa."

"Kwani nimefanya nini?"

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Hujafanya, baba. Wamesema."

Usiku sikulia. Nikajilaza juu ya godoro nikajiuliza kwa nini silii, na jibu likaja halikunipendeza. Njia hii nilikuwa naijua. Nimeshaipita, ila nilikuwa dereva.

Narudi kwa Chintan, yule wa dirishani. Yeye na kaka yake Girish wana duka la vifungo, zipu na nyuzi, pua kwa pua na stoo yetu. Chintan alizaliwa papa hapa Kariakoo, Kiswahili chake kinanizidi mimi wa Newala. Ana miaka arobaini, hajaoa. Anavaa shati lililopigwa pasi hadi mfukoni. Mwanamke akija na kipande cha kitambaa atafute uzi wa rangi yake, Chintan atashusha rafu nzima mpaka upatikane.

Basi. Hayo tu ndiyo makosa yake.

Mwaka jana, nikitaka kuwachekesha wapagazi, nilimwita Bi Harusi. Walicheka vizuri nikarudia. Mwezi haujaisha, mtaa mzima ukawa unamwita hivyo, hadi wateja waliotoka Mbagala wanauliza duka la Bi Harusi liko wapi. Asubuhi moja nikamkuta anakwangua mlango wa duka lake kwa wembe. Mtu alikuwa ameliandika hilo jina kwa rangi nyekundu.

Nikapita nyuma yake. "Mambo, Bi Harusi?"

"Poa," akajibu bila kugeuka, akaendelea kukwangua.

Hiyo poa yake sikuifikiria mwaka mzima. Usiku ule pale Buguruni nikaifikiria.

Alhamisi nikarudi Kariakoo kuomba japo barua ya kazi. Bi Zena akakataa kuniona. Nikafika mpaka mlango wa kituo cha polisi, nikajisikia kichwani nikimweleza konstebo kwamba mwanamke amenishika mkanda. Nikamsikia na yeye akiwaita wenzake waje wasikie. Nikageuza.

Nikipita mbele ya duka la vifungo, sauti ikaniita.

"Shaibu. Ingia."

"Bwana Chintan, nikiingia humo watasema."

"Wameshasema. Ingia."

Nikaingia. Girish alikuwa nyuma ya kaunta akipanga zipu, hakuinua uso.

"Nilisikia siku ile," Chintan akasema. "Dirisha langu na ile stoo ni kama kitanda na ukuta. Nilisikia yeye anasema nini, na wewe unasema nini. Ulisema fungua mlango."

"Mbona hukupiga kelele?"

Hakukasirika. "Nilijiuliza wakija watamtazama nani. Bi Zena? Wewe? Au mimi?"

Nikatazama kaunta.

"Nikanywa chai," akasema. "Tangu siku ile chai hainishuki. Mpelekee mwenyekiti wetu wa maduka, Mzee Shukuru, malalamiko. Aitishe kikao. Nitasema nilichosikia."

Girish akasema jambo kwa Kigujarati, refu, bila kuacha kupanga zipu.

"Anasema mimi mwendawazimu," Chintan akanitafsiria.

"Nimesema zaidi ya hilo," Girish akajibu kwa Kiswahili. "Miaka kumi na minane tumeuza vifungo hapa kwa amani."

"Amani yako wewe," Chintan akamwambia kaka yake. Girish akarudi kwenye zipu zake.

Nikajikaza. "Bwana Chintan, lile jina... mimi ndiye niliyelianzisha."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtaa mzima unajua. Ulikuwa unajisifia."

"Naomba radhi."

Alikuwa anafunga vifungo kwenye karatasi kwa ajili ya mteja. Akakunja kona moja, akakunja ya pili.

"Sijakusamehe," akasema. "Nakuja kwa sababu nilisikia. Hayo mawili usiyachanganye."

Jumamosi saa nne asubuhi, kikao. Umoja wa wenye maduka wa mtaa wetu una chumba kimoja, meza moja, na mwenyekiti mmoja, Mzee Shukuru, muuza misumari. Vyama vingi vimeruhusiwa nchini, lakini pale kwetu mwenyekiti ni yule yule tangu nikiwa darasa la tano. Watu walijaa hadi madirishani. Kungekuwa na kiingilio, umoja ungejenga ghorofa.

Bi Zena alikuja amevaa baibui jipya, akakaa mbele. Hakunitazama.

Nikaeleza. Yote, pamoja na kiatu. Watu wakacheka kwenye kiatu. Kisha Chintan akasimama na lile shati lake la pasi, akasema alichosikia, neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza.

"Bi Harusi anamtetea bwana harusi!" mtu akapaza sauti dirishani.

Chumba kikalipuka. Mzee Shukuru akagonga meza kwa nyundo yake ya dukani.

Ndipo Bi Zena alipoinuka, mpole kama asali.

"Mwenyekiti, mimi sitaki ugomvi. Kama Shaibu si mtu wa namna ile, amkane huyu hapa mbele yetu. Aseme: Chintan ni hanithi, na mimi si mwenzake. Akisema hivyo, mimi mwenyewe nitatangaza kwamba nilikosea. Na Jumatatu arudi kazini."

"Kweli!" watu wakaitikia. "Amkane!"

Mzee Shukuru akanigeukia. "Jambo jepesi hilo, kijana."

Lilikuwa jepesi kweli. Nakiri kwenu, sentensi ilikuwa tayari ulimini. Maneno machache tu, na godoro langu linabaki Buguruni, benchi la kijiweni linasogea tena nikae, stoo naipata. Chintan hakunitazama. Alitazama mikono yake. Nikaona kwamba anasubiri nimseme, na kwamba alijua tangu Alhamisi ninaweza kumsema, na bado alikuja.

"Sijui Bwana Chintan anampenda nani," nikasema. "Silali naye nyumba moja, sijui, na wala hainihusu. Jina la Bi Harusi nililitunga mimi ili watu wacheke, na mkacheka. Hajanikosea kitu. Mniite mnavyotaka. Alichosikia amekisikia."

Dirishani mtu akakohoa. Kaka yake Chintan, Girish, ambaye sikujua hata kama yumo, alikuwa amesimama ukutani karibu na mlango, macho chini.

Nikahisi mwepesi. Nikajiona shujaa. Kumbukeni hapo: nilijiona shujaa kwa dakika mbili nzima.

Bi Zena akaona upepo umegeuka. Asali ikakauka.

"Basi niseme ukweli wote!" akasema. "Nilimfukuza kwa sababu anawashika wasichana wangu wa dukani!"

Mzee Shukuru akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Bi Zena, tuchague moja. Jumatano ulisema hapendi wanawake. Leo unasema anawashika. Sisi tumtibu ugonjwa gani?"

Chumba kikaanguka kwa kicheko. Nami nikacheka mpaka machozi, nikampiga mtu bega. Nimeshinda, nikajiambia.

"Kama hamniamini," Bi Zena akasema, "Benedikta yuko nje. Aitwe."

Nikaacha kucheka.

Wasomaji, hapa ndipo pagumu. Wiki zote hizi nimewasimulia kila kitu, nimewasimulia hata nilivyoanguka chali kama mende. Hili sikuwasimulia.

Benedikta ni msichana wa kuuza dukani, wa Songea, miaka ishirini na miwili. Alikuwa anatumwa stoo kuchukua majora ya vitenge. Siku moja nilimshika kiuno. Akajitoa. Mara ya pili nikamshika tena, nikasema, kwani nimekula? Mara ya tatu nikaweka mkono mlangoni nikamwambia hapiti mpaka alipe ushuru. Akasema, "Kaka Shaibu, niache nipite." Nikacheka. Yeye wa Songea, mimi wa Newala, nikauita utani wa makabila. Sikuwahi kuuita jina jingine mpaka Jumamosi ile aliposimama mlangoni pa kikao, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Sema, mwanangu," Bi Zena akamwambia. "Usiogope. Anakushika, hakushiki?"

Benedikta akamwangalia bosi wake, anayemlisha. Akaniangalia mimi. Nilijaribu kumwomba kwa macho. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

"Ni kweli," akasema. "Kaka Shaibu alinishika. Mara tatu, kule stoo. Nilimwambia aniache, akacheka."

Makelele. Mtu akasema, haa, kumbe dume! Na nawaapia, ilikuwa sauti ya kunisifu. Katika kikao kile kile, kwa kosa hilo, nilikuwa narudishiwa uanaume wangu. Rafiki yangu wa kijiweni akanikonyeza dirishani.

"Mmesikia wenyewe!" Bi Zena akasema, akaanza kukusanya mkoba wake.

"Sijamaliza, bosi."

Benedikta hakuinua sauti. Watu ndio walioshusha zao.

"Siku ile bosi alipoingia stoo, mimi ndiye niliyeambiwa nisimame dukani nisimruhusu mtu kwenda nyuma. Na haikuwa mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Kabla ya Kaka Shaibu kulikuwa na mtunza stoo mwingine, akaondoka hata mshahara hakuudai. Nilisimama pale, nikapima kitenge, nikasikia fungua mlango. Nikasema moyoni, pole, na wewe sasa umeijua."

Bi Zena akakaa. Dhahabu yote ile mkononi, na mkono hauna pa kuwekwa.

"Mimi nimeletwa hapa niseme kwamba bosi hana kosa," Benedikta akaendelea. "Na Kaka Shaibu ananiangalia ili niseme kwamba yeye hana kosa. Na nyie mlikuwa mnataka kosa lote apewe Bwana Chintan, ambaye hajawahi kunishika wala kunifungia mlango."

Mzee Shukuru akashika nyundo yake, akasahau kugonga.

"Sasa binti, wewe unamshitaki nani?"

"Wote wawili, mwenyekiti. Anza na yeyote."

Mwenyekiti akaanza na mimi. "Shaibu, simama. Binti anasema kweli?"

Nilikuwa na jibu la utani. Nilikuwa na jibu la shetani alinipitia. Nilikuwa na jibu la kwamba mbona mimi nami nimetendewa, na hilo ndilo lililokuja mbele kuliko yote, likasukuma mengine. Nikamwona Chintan. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa ananitazama.

"Anasema kweli," nikajibu.

Dirishani, wale waliokuwa wananisifu hawakujua waniweke wapi. Mzee Shukuru alishika kalamu, akalitazama daftari la umoja, akatazama dari. Miaka yote ile ya kusuluhisha ugomvi wa vibaraza na maji machafu, hakuna aliyewahi kumkubalia kosa bila kubanwa.

"Binti," akasema mwishoni, "unataka tuwafanye nini hawa?"

"Mnaniuliza mimi?"

"Aliyeshikwa ni wewe."

Benedikta akatazama huku na huku. Tangu aingie alikuwa wima. Girish akatoka ukutani, akachukua kiti cha mmoja wa wenye maduka, hata bila kumwomba, akamwekea.

Akakaa. Akakikunja kile kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani.

"Basi nisubirini," akasema. "Nafikiri."

Tukasubiri. Mzee Shukuru na kalamu yake, Bi Zena na dhahabu yake, wenye maduka sita, mtaa mzima madirishani, na mimi wima katikati, nikimsubiri msichana wa dukani aamue. Nje kuli mmoja akapiga mluzi kuomba njia, watu wakamwambia anyamaze.

Kisha Benedikta akainua uso, akasema, "Nimepata." Alichokipata, tukutane wiki ijayo.